Kutoweka kwa Mwitu wa Makonde

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi hufuata bonde la mto Lukuledi, na kwa mwendo mrefu mkono wake wa kushoto huandamana na genge la milima lililovikwa kijani tangu chini hata juu. Huo ndio ukingo wa uwanda wa Makonde. Afikapo Ndanda huona chemchemi zitokazo chini ya genge hilo. Na akiendelea hata Masasi huambiwa kuwa maji ya mji huo, na ya Nachingwea pia, hutoka Mbwinji, chini ya ukingo uo huo. Akiulizwa ameona nini kule juu, atajibu bila kusita kuwa ameona msitu.

Mimi nami niliamini hivyo utotoni. Nililelewa upande wa Masasi, na kila likizo nilipelekwa Lupaso kwa mjomba wangu, ambaye mikorosho yake ndiyo iliyonilipia ada ya shule. Nilikuwa mtu mzima nilipopanda njia ya Newala kwa miguu na kutembea siku kadha juu ya uwanda ule, na ndipo nilipofahamu kuwa kijani kile kwa sehemu kubwa ni mikorosho. Miti ipo kwa maelfu. Mwitu wa kale umebaki kwenye magenge makali asikoweza mtu kulima, na katika vipande vidogo vidogo vilivyosahauliwa kati ya mashamba.

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, sababu za kutoweka kwa misitu ya vijijini hutajwa upesi: mkulima hajui, mkulima ana shoka, mkulima ana kiberiti. Historia ya Makonde haikubali maelezo mepesi namna hiyo. Mwitu ule ulikatwa na watu walewale waliokuwa wakiulinda, baada ya sababu zilizowafanya waulinde kuondolewa moja baada ya moja. Tena kila sababu iliondolewa na jambo ambalo hapana mtu wa haki awezaye kulilaumu: amani, zao la biashara, maji ya bomba, barabara. Nia ya insha hii ni kuzifuata hatua hizo kwa taratibu yake, kisha kuuliza ni nani alipaye gharama yake leo.

Nchi na maji yake

Uwanda wa Makonde umekaa kati ya mito miwili, Lukuledi kaskazini na Ruvuma kusini. Upande wa magharibi, penye Newala, huinuka kufika kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka polepole kuelekea pwani. Mvua yake si haba; hunyesha tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Hata hivyo hapana mto juu ya uwanda wala kijito kidumucho mwaka mzima. Udongo wake ni mchanga mwingi, na maji ya mvua huzama humo kama yazamavyo katika chujio, yakashuka mpaka tabaka lisilopitisha maji, yakatokea chini ya magenge kwa sura ya chemchemi. Kwa hiyo aliyekaa juu alipata mvua akakosa kisima, na aliyekaa chini alikunywa mvua iliyomnyeshea jirani yake.

Jambo hili lilishangaza kila mgeni. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyechapisha mwaka 1900 kitabu kikubwa juu ya miamba ya nchi hii na ambaye ndiye aliyewapa wanajiografia jina la vilima vya mawe vilivyosimama peke yake kama vile vya Masasi, alieleza matabaka ya uwanda huo. Miaka sita baadaye akaja Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka makumbusho ya Leipzig, akakaa Masasi na Newala mwaka 1906. Weule aliwaona wanawake wakiteremka magenge kufuata maji bondeni na kupanda tena na mitungi yao, akajiuliza kwa nini watu wakae mahali penye taabu kama hiyo.

Jibu alilopewa lilikuwa hadithi ya asili. Hapo mwanzo alikuwapo kiumbe mmoja tu akitanga peke yake porini, hakuoga wala hakunyoa. Akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaisimamisha. Kulipokucha ikawa mwanamke hai. Wakateremka wote wawili mpaka Ruvuma, wakazaa mtoto, akafa. Wakapanda mahali pa juu zaidi, wakazaa wa pili, naye akafa. Wakarudi juu kabisa kwenye kichaka cha uwanda, wakazaa wa tatu, naye akaishi. Ndipo watoto wao wakausiwa wasikae karibu na maji makubwa, wakae juu. Tukiitazama hadithi hiyo kwa jicho la historia, twaona ina hekima ya afya, maana mabonde yale yalikuwa na homa. Na ina hekima ya usalama pia, kama itakavyoonekana.

Mwitu ulikuwa boma

Mwitu alioukuta Weule haukuwa wa miti mirefu iliyoachana kama nguzo za msikiti. Ulikuwa kichaka kilichosongamana, chenye miti ya kimo cha kati na mitambaa iliyofungamana, hata mtu hakuweza kupenya pasipo kufyeka. Njia zilikuwa nyembamba, na mgeni akitoka hatua chache nje ya njia hupotea.

Kwa watu wa karne ya 19 kichaka hicho kilikuwa ukuta. Kusini yote ilitikiswa na biashara ya watumwa iliyoelekea Kilwa, Lindi na Mikindani, na baadaye na mashambulio ya Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule mwanachuoni wa Kiswahili, aliwaleta watumwa waliokombolewa akawaweka Masasi, mahali pa wazi chini ya vilima vya mawe. Mwaka 1882 Magwangwara wakaishambulia Masasi, wakaua na kuteka watu, na misheni ikahamia Newala kwa muda. Tukio hilo latosha kuonyesha tofauti ya mahali pawili. Penye uwazi adui aliingia; penye kichaka watu walipata pa kujificha.

Wamakonde waliishi katika vijiji vidogo vidogo vilivyotapakaa, kila kimoja kikiwa na mkubwa wake aliyeitwa mkulungwa, na kati ya kijiji na kijiji kichaka kiliachwa kwa makusudi. Aliyekata ovyo alikuwa akibomoa ukuta wa wenzake. Kichaka kile kilikuwa pia ghala. Humo mlichimbwa ming'oko, vile viazi vya mwituni vilivyookoa roho za watu katika njaa na ambavyo hata leo huuzwa sokoni Mtwara. Humo mlipatikana asali, uyoga, dawa na miti ya kujengea. Katika robo ya mwisho ya karne ile, humo humo mligemwa mpira wa mwitu, utomvu wa mitambaa, ulionunuliwa na wafanya biashara wa pwani. Na katika vichaka hivyo vijana walitengwa jandoni.

Yatupasa hapa tuondoe kosa moja. Kichaka hicho hakikuwa mwitu wa tangu siku za Nuhu usioguswa na binadamu. Weule mwenyewe alitambua kuwa sehemu kubwa yake ilikuwa imekwisha kulimwa zamani. Mkulima alifyeka kipande, akachoma, akapanda mtama, muhogo na kunde kwa miaka michache. Rutuba ilipopungua akaliacha shamba, na kichaka kikarudi kikiwa kizito kuliko kwanza. Alihama kipande hata kipande, na baada ya miaka mingi akarudi pale pale. Basi shoka lilikuwapo na moto ulikuwapo, na mwitu ulikuwapo. Kilichouhifadhi mwitu kilikuwa muda: ardhi ililazwa kwa miaka mingi kabla ya kuamshwa tena. Hilo ndilo jambo la kushika katika yote yafuatayo, kwa sababu mwitu wa Makonde ulikufa siku ardhi iliponyimwa usingizi wake.

Amani na kodi

Sababu ya kwanza ya kuulinda mwitu iliondolewa na amani. Utawala wa Wajerumani ulikomesha misafara ya watumwa na mashambulio, ingawa wenyewe ulikuja kwa mabavu, na vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907 viliiacha kusini na njaa kubwa. Waingereza walipochukua nchi baada ya vita ya kwanza ya dunia, hapakuwa tena na adui wa kumkimbilia kichakani. Ukuta usio na adui hugeuka kuwa kuni. Vijiji vilisambaa, na nafasi kati yake zikaanza kulimwa.

Pamoja na amani ikaja kodi. Tangu kodi ya nyumba ilipowekwa mwaka 1898, kila mtu mzima alihitaji fedha, na kusini palikuwa mbali na kila soko. Vijana wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Waliobaki walitafuta kitu cha kuuza kilichoota nyumbani. Hapo mwitu ukaanza kutazamwa kwa jicho jipya, ukahesabiwa kuwa ardhi ambayo haijatumika.

Hapana mahali ambapo jicho hilo lilionekana wazi kuliko Nachingwea, jirani ya Masasi. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield na wenziwe kutazama ardhi ya kulima karanga, kwa kuwa Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita. Ikaazimiwa kufyeka ekari 3,210,000 za pori, sehemu kubwa yake Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza mwaka 1947. Yaliletwa matrekta, na hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mitambo ya kung'olea miti. Bandari ya Mtwara ilijengwa, na reli ikatandikwa kwenda Nachingwea. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukavunjwa, umekwisha kula pauni milioni 36 hivi, na karanga zilizovunwa zikawa kidogo mno. Reli nayo ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wanahistoria huutaja mpango huo kama kichekesho cha ukoloni. Kwa shabaha yetu mafunzo yake ni mengine. Wataalamu wale waliona pori wakadhani ni utupu. Mkulima wa Masasi alijua kuwa pori ni shamba lililolala, na kwamba lina mwenyewe hata kama hapana jembe ndani yake. Hata hivyo, miaka ile ile mtambo ulipokuwa ukishindwa kumaliza pori la Nachingwea, mkulima huyo huyo alikuwa akianza kuumaliza mwitu wa uwandani kwa jembe na mbegu moja tu.

Mkorosho

Mkorosho si mti wa asili ya huku. Wareno waliuleta pwani ya Afrika ya Mashariki kutoka Brazili, katika karne ya 16, na kwa miaka mingi ulikuwa mti wa pwani ulioliwa mabibo yake na kukaangwa mbegu zake. Baada ya vita ya pili ya dunia, biashara ya kupeleka korosho India kubanguliwa ilipokua, mti huo ulipanda uwandani kwa kasi. Ulifaa kupita zao lolote. Wapenda mchanga, huvumilia kiangazi, hauhitaji maji ya kumwagiliwa, na huzaa kwa miaka mingi.

Namna ulivyoingia ndiyo iliyoumaliza mwitu. Mkulima alifyeka kipande cha kichaka kama baba zake, akapanda muhogo na nafaka, na katikati yake akachomeka mbegu za korosho. Miaka mitatu minne ilipopita mikorosho ilifunga kivuli na mazao mengine hayakuota vema. Zamani wakati huo ulikuwa wakati wa kuondoka na kukiachia kichaka kirudi. Sasa shamba la zamani halikuachwa. Lilibaki shamba la korosho. Lakini mkulima bado alihitaji muhogo wa kula, kwa hiyo alikwenda kufyeka kipande kingine, na huko nako akachomeka korosho. Kila chakula cha miaka michache kiligharimu kipande cha mwitu kisichorudi tena.

Haki ya ardhi nayo ilibadilika. Kwa desturi aliyepanda mti ndiye mwenye mti. Kichaka kilichokuwa cha ukoo mzima, chini ya mkulungwa, kikawa mali ya mtu mmoja maadamu mti wake ulikuwa hai. Mtu mwenye busara alipanda mapema ili asije akapandiwa na mwenziwe. Kwa hiyo mwitu uliliwa kwa mbio, kila mtu akimwahi jirani yake, ingawa wote walijua kuwa una faida.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi, na sehemu kubwa ilitoka kusini. Kisha mavuno yakaanguka, hata msimu wa 1986/87 yakawa chini ya tani 20,000. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Watu walikuwa wamehamishwa mbali na mashamba yao. Na ukungu wa ubwiriunga ulikausha maua. Mashamba mengi yaliachwa. Na hapa msomaji aone jambo la ajabu: kichaka kilianza kurudi katikati ya mikorosho. Mwitu ulipata kupumua wakati wenye nchi wanasongwa na umaskini. Watafiti wa Naliendele walipoonyesha namna ya kuuzuia ubwiriunga kwa salfa, na bei ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, watu walirudi na mapanga, mashamba yakasafishwa na mapya yakapandwa. Msimu wa 2017/18 mavuno ya nchi yalipita tani 300,000. Hali ya mwitu wa Makonde, basi, imekuwa ikipanda na kushuka kinyume cha bei ya korosho.

Vijiji, mabomba na barabara

Mambo matatu mengine yaliharakisha kazi hiyo. La kwanza ni maji. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kusukuma maji kwa mashine kutoka chini ya magenge hata juu ya uwanda, na tangu miaka ya 1970 serikali ya Finland ilisaidia kwa muda mrefu kupanua huduma ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Hakuna awezaye kuhesabu migongo na shingo za wanawake zilizookolewa na mabomba hayo. Walakini ukosefu wa maji ndio uliokuwa ukipunguza idadi ya watu uwandani, na kizuizi hicho kikaondoka.

La pili ni vijiji. Vita vya ukombozi wa Msumbiji, tangu 1964 hata 1974, viliwaleta wakimbizi wengi ng'ambo hii ya Ruvuma na kuwafanya watu wa mpakani wakusanywe mapema. Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba kuishi vijijini ni lazima kwa nchi nzima, na hata mwisho wa 1976 karibu watu wote wa mashambani walikuwa wamehamishwa. Kijiji kikubwa kilileta shule na zahanati. Kilileta pia duara la ardhi tupu kulizunguka, kwa sababu watu mamia waliokota kuni na kukata majengo mahali pamoja, na ardhi ya karibu haikupata tena nafasi ya kulala.

La tatu ni barabara. Rais Benjamin William Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, aliyeongoza nchi tangu 1995 hata 2005, aliona tangu utoto kutengwa kwa kusini. Mwaka 2003 lilifunguliwa daraja la Rufiji lenye jina lake, na safari iliyokuwa ikikatizwa na mvua kila mwaka ikawa ya mwaka mzima. Kusini ilistahili daraja hilo. Lakini waliolitumia kwa haraka kuliko wote walikuwa wanunuzi wa magogo. Uwanda wa Makonde ulikuwa hauna tena magogo ya kutosha. Katika pori la miyombo la tambarare, tangu Rufiji na Kilwa hata Liwale na Nachingwea, mlikuwa bado mna mninga, mkongo na mpingo. Uchunguzi wa shirika la TRAFFIC uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa Uchina iliandika katika vitabu vyake mbao kutoka Tanzania mara kumi zaidi ya zile ambazo Tanzania iliandika kuwa imezituma. Mzee Mkapa alizikwa kwao Lupaso tarehe 29 Julai 2020, na wengi waliokwenda kumzika walipita juu ya daraja lile. Sidhani ni kukosa adabu kusema kuwa daraja ni jema na kwamba lilifunguliwa kabla ya mlinzi wa mlango kuajiriwa.

Katika miaka ya karibuni ufuta umeongezwa katika hesabu hiyo. Zao hili hustawi katika ardhi mpya, hivyo wengi hufyeka pori la tambarare kila msimu. Hapa ufyekaji wa kale umebaki, lakini mapumziko yake hayapo.

Matokeo

Uharibifu huu ni sehemu ya ule wa nchi nzima. Hesabu kubwa ya misitu iliyofanywa na Serikali ilionyesha kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu na mapori, na makisio ya miaka ya 2002 hata 2013 yalikuwa kwamba hekta 469,420 zilipotea kila mwaka. Mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu 1,270,854 katika sensa ya 2012, nao wakawa 1,634,947 mwaka 2022. Tarakimu hizo zatisha, lakini hazielezi matokeo yanavyoingia shambani na jikoni.

Tuanze na udongo. Mtu aweza kuuliza: mkorosho nao ni mti, mbona tulalamike? Jibu limo chini ya mkorosho. Korosho huokotwa zilizoanguka, na ili zionekane, chini ya mti hufyekwa na kufagiliwa, na majani makavu mara nyingi huchomwa. Mavuno ni tangu Septemba au Oktoba hata Desemba. Maana yake ardhi huwa tupu kabisa katika majuma yale yale mvua za kwanza zinapopiga kwa nguvu. Kichaka kilipokea mvua kwa majani, matawi na zulia la majani yaliyooza, kikaiachia izame polepole. Shamba lililofagiliwa huiachia ikimbie. Kwenye ukingo wa uwanda maji hayo huchimba makorongo na kubeba mchanga kwenda mabondeni. Salfa iliyookoa zao nayo ina deni lake: watafiti wa udongo wameonyesha kuwa huongeza uchachu katika mchanga ule mwepesi, na anayeathirika ni muhogo na mimea mingine ipandwayo humo.

Pili ni maji, na hapa ndipo pana dhuluma iliyojificha. Chemchemi za chini ya genge hazina kitu kingine ila mvua iliyozama juu. Kadiri mvua inavyokimbia badala ya kuzama, ndivyo akiba ya chini ipunguavyo, wala haionekani kwa mwaka mmoja wala miwili. Afyekaye yuko juu. Anywaye yuko Masasi, Nachingwea na Ndanda. Hawajuani, wala hawana baraza moja. Na maji yanayosukumwa kwa mashine kwenda juu ni yale yale yaliyozama huko juu. Kwa hiyo mtu wa uwandani hukata asili ya bomba lake mwenyewe bila kujua.

Tatu ni mwanamke. Mabomba yalimpunguzia safari ya maji, na kupungua kwa kichaka kukamrefushia safari ya kuni. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay, katika mkoa huu huu wa Mtwara, mwaka 1982, na mwaka 2015 bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika. Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka watu 80 katika kila 100 waitumie ifikapo 2034. Mpaka hapo gesi itakapofika jiko la mwanakijiji wa Newala, kuni zitabaki kuwa nishati yake, na mbali patazidi kuwa mbali.

Nne ni maarifa. Sisi wa fani ya lugha twajua kuwa neno huishi maadamu kitu chake kiko machoni. Mtoto wa leo wa uwandani aweza kukueleza daraja za korosho, salfa ya unga na ya maji, mnada na stakabadhi ghalani. Lakini mti ambao bibi yake alijua mzizi wake watibu nini, na majani yake yaliwa vipi wakati wa njaa, yeye hauiti kwa jina lolote. Ming'oko huuzwa, lakini wachimbaji huenda mbali zaidi kila mwaka. Siku njaa itakaporudi, na hapana nchi iliyopewa ahadi kuwa haitarudi, ghala lile la wazee litakuwa halina kitu ndani wala mtu ajuaye mlango wake.

Neno la mwisho

Sitathubutu kumwambia mkulima wa Newala au Tandahimba ang'oe mikorosho. Maneno hayo yangetoka katika kinywa kilicholishwa na kusomeshwa na korosho. Wala sidhani kuwa kupanda miche siku ya sherehe kutarudisha mwitu. Miti haikukosekana uwandani. Kilichokosekana ni ardhi iliyoachwa ilale.

Yaliyopita yatupa mwongozo. Wamakonde wa kale waliuhifadhi mwitu walipokuwa na sababu ya kuuhifadhi, na sababu hiyo ilikuwa faida iliyowafikia wao wenyewe. Anayetaka mwitu urudi hana budi kuwapa sababu nyingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kula mapato yake. Na wilayani Kilwa vijiji vimeonyesha kuwa mpingo ulindwao na wenyewe waweza kuuzwa kwa haki. Kwa ukingo wa Makonde faida kuu ni maji. Kama Masasi na Nachingwea hulipia maji ya bomba, ni haki senti chache katika kila malipo zipande juu ya genge, zifikie vijiji vitakavyokubali kuacha ukanda wa ukingoni usifyekwe wala kuchomwa, na majani ya mikorosho iliyo karibu yaachwe chini yaoze. Hiyo si sadaka ya watu wa mjini kwa watu wa shamba. Ni kulipa kodi ya kisima kwa mwenye kisima.

Wazee katika hadithi yao walisema kuwa mtoto wa tatu aliishi kwa sababu wazazi wake walirudi kichakani. Sisi tumeshuka tena bondeni kufuata maji, na kichaka tumekiacha nyuma. Maji tunayoyafuata ndiyo mtoto wa kichaka kile, na mama akifa mwana hulelewa kwa taabu.